Almasi ni Neno la Nani? Mwadui, Geita na Safari ya Maneno ya Mizani

Mkanganyiko wenyewe

Mgodi wa Mwadui uko wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, na jirani yake upo mji mdogo wa Maganzo, ambako wachimbaji wadogo huosha na kuchekecha kokoto wakitafuta punje za almasi. Ukielekea magharibi, kupitia Kahama hadi Geita, unaingia kwenye ukanda wa dhahabu. Wachimbaji huhama kati ya pande hizi mbili wakifuata habari za mahali mali ilikotoka, na wakihama huenda na msamiati wao. Neno moja katika msamiati huo, karati, hubadilika maana njiani bila kubadilika umbo. Kwenye almasi karati ni uzito, na karati moja ni gramu 0.2. Kwenye dhahabu karati haisemi chochote kuhusu uzito, inasema usafi. Almasi ya karati 18 ina gramu 3.6, haizidi wala haipungui. Pete ya dhahabu ya karati 18 yaweza kuwa na gramu 3 au gramu 10, na kinachosemwa juu yake ni kwamba katika kila sehemu 24 za metali ile, sehemu 18 ni dhahabu na 6 ni fedha, shaba au kitu kingine. Mtu aliyezoea kwamba karati nyingi ni jiwe kubwa, akiambiwa mkufu ni wa karati 22, ana kila sababu ya kudhani anaelezwa ukubwa wa mkufu.

Kando ya mkanganyiko huo kuna ubishi wa pili: neno almasi lenyewe ni la nani? Jibu linalosikika zaidi ni kwamba ni la Kiarabu, na ushahidi unaotolewa ni ile al- ya mwanzo. Wengine husema ni la Kiajemi, kwa kuwa vito vililetwa pwani na wafanyabiashara wa Ghuba. Wapo pia waliosoma kwamba diamond ya Kiingereza na diamante ya Kihispania zimetoka Kigiriki, nao huhitimisha kwamba almasi ni jambo jingine kabisa, jina la Mashariki lisilo na undugu na majina ya Ulaya. Kila kundi limeshika kipande cha ukweli. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba almasi na diamante ni neno moja lililopita njia mbili. Kwamba karati ya Mwadui na karati ya Geita nazo ni kipimo kimoja kilichogawanyika. Na kwamba katika visa vyote viwili neno halikufuata ardhi inayotoa madini. Lilifuata mkono ulioshika mizani na daftari la hesabu.

Adamas kabla ya kuwa jiwe

Kigiriki cha kale kilikuwa na neno adamas, na mwanzoni halikuwa jina la jiwe. Katika utenzi wa Hesiod kuhusu nasaba ya miungu, wa karibu miaka 700 kabla ya Kristo, mundu aliotumia Kronos dhidi ya baba yake umetengenezwa kwa adamas, yaani metali ngumu kupita zote alizoweza kuwaza mshairi. Plato na Theophrastus wanalitumia neno hilo karne ya 4 kabla ya Kristo, na kwa Theophrastus limekwisha kuingia katika mazungumzo ya mawe. Kufikia karne ya 1 baada ya Kristo, mwandishi wa Kirumi Plinius anaorodhesha aina sita za adamas, na ya kwanza anayoitaja, ya India, inaaminika kuwa ndiyo almasi tuijuayo. Hilo linaeleweka, kwa sababu India ndiyo iliyokuwa chimbuko kuu la almasi duniani hadi zilipopatikana Brazili katika miaka ya 1720. Afrika Kusini ilifuata mwaka 1867, na Mwadui mwaka 1940.

Kuhusu maana ya asili kuna rai mbili. Rai ya kwanza, ambayo ni kongwe zaidi, inaligawa neno katika a- ya kukanusha na kitenzi cha kutiisha au kufuga, kwa hiyo adamas ni kitu kisichotiishika. Mzizi huo wa kutiisha una ndugu Ulaya nzima: tame ya Kiingereza, yaani kufuga, na domar ya Kihispania, inayotumika kwa kumzoesha farasi ambaye hajapandwa, ni matawi yake. Rai ya pili inasema Wagiriki walilipokea neno geni kutoka lugha ya Kisemiti, Kiakadi kikitajwa, kisha wakalitengeneza upya ili lifanane na kitenzi chao. Nguvu ya rai ya pili ni kwamba jambo kama hilo hutokea mara nyingi kwa majina ya vito, ambavyo husafiri mbali kuliko watu wanaovijua. Udhaifu wake ni kwamba neno la Kisemiti linalopendekezwa halifuatani na la Kigiriki kwa umbo lote wala kwa maana. Mpaka ushahidi bora upatikane, adamas ya Kigiriki ndiyo hatua ya nyuma kabisa tunayoweza kuisimamia kwa uhakika.

Kutoka hapo njia zinagawanyika, na alama ya mgawanyiko bado imebaki ndani ya maneno yenyewe. Nomino za Kigiriki hubadilika mwisho kulingana na kazi yake katika sentensi. Ikiwa mtenda, nomino hii ilikuwa adamas, yenye s mwishoni. Katika kazi nyingine shina lake lilikuwa adamant-, lenye nt. Kilatini kililipokea neno pamoja na mageuzi hayo, na lugha zilizozaliwa na Kilatini zikajengwa juu ya shina refu. Ndiyo maana Kifaransa kina diamant, Kiitalia na Kihispania diamante, na Kiingereza, kilichochukua kutoka Kifaransa, kina diamond. Ile di ya mwanzo ilitokea katika Kilatini cha baadaye, yaelekea kwa mvuto wa maneno mengi ya Kigiriki yaliyoanza na dia-. Upande wa mashariki ulichukua umbo fupi la mtenda, lenye s. Toa i ya mwisho, ambayo ni desturi ya Kiswahili ya kutoacha neno likiishia kwa konsonanti, na almasi inabaki na s ile ile ya Kigiriki. Neno letu limehifadhi herufi ambayo Kihispania na Kiingereza hazinayo tena.

Kihispania kina ndugu mwingine wa kushangaza. Sumaku kwa Kihispania ni imán, na neno hilo limetoka aimant ya Kifaransa, ambayo nayo imetoka adamas. Katika Ulaya ya Zama za Kati, jiwe gumu kuliko yote na jiwe linalovuta chuma yalichanganywa katika vitabu vya mawe, na Kilatini kikasaidia mchanganyiko huo kwa kuwa na kitenzi adamare, kupenda sana, kilichofanana na jina hilo kwa sauti. Kiingereza nacho kilitumia adamant kwa maana ya jiwe gumu na kwa maana ya sumaku pia. Leo neno hilo limebaki kumsifia mtu asiyekubali kubadili msimamo. Kwa hiyo Mhispania mmoja ana adamas mara mbili, katika pete ya mkewe na katika dira yake, na maneno yenyewe hayafanani hata kidogo.

Ile al- ya mwanzo

Sasa tuitazame hoja ya wanaosema almasi ni ya Kiarabu kwa ushahidi wa al-. Ina mvuto, maana Kiswahili kina alfajiri, Alhamisi na alasiri, ambamo al- kweli ni kibainishi cha Kiarabu. Lakini hayo ni machache. Kwa kawaida Kiswahili hukopa neno la Kiarabu bila kibainishi chake: tulichukua kitabu, sukari na sahani, hatukuchukua alkitabu. Kihispania ndicho kilichokuwa na tabia ya kukopa neno pamoja na kibainishi chake, na ndiyo sababu sukari yao ni azúcar na pamba yao ni algodón. Al- ya almasi basi inataka maelezo ya ziada kwa kipimo cha Kiswahili chenyewe.

Maelezo hayo walianza kuyatoa wanazuoni wa Kiarabu. Ibn al-Athir, bingwa wa lugha ya hadithi aliyefariki mwaka 1210, aliona kwamba al- hiyo ni sehemu ya neno, kama ilivyo katika jina Ilyas, na akasema neno si la Kiarabu. Al-Firuzabadi, mtunzi wa kamusi maarufu aliyefariki mwaka 1415, alishikilia kinyume chake: al- ni kibainishi, na kulitamka kama sehemu ya neno ni kosa. Tofauti yao ni ushahidi tosha kwamba hata wenye lugha hawakuwa na uhakika, na hali hiyo ni ya kawaida neno linapokuwa geni. Lugha za jirani zinamuunga mkono Ibn al-Athir. Kiajemi ni almās, Kituruki ni elmas, Kirusi ni almaz. Zote zina l hiyo, na Kiajemi na Kituruki si lugha zenye mazoea ya kubeba kibainishi cha Kiarabu zinapokopa jina la kitu.

Mfano wa Ilyas una manufaa kuliko pengine alivyodhani mwenyewe. Nabii huyo kwa Kiebrania hana s mwishoni, na Biblia ya Kiswahili humwita Eliya. Waarabu humwita Ilyas kwa sababu jina liliwafikia likiwa limepita kwenye Kigiriki, ambamo alikuwa Elias. Vivyo hivyo Yona wa Biblia ni Yunus wa Kurani, na Kigiriki kilimwita Ionas. Mswahili anayo maumbo yote mawili mdomoni kila siku, na s ya Ilyas, Yunus na almasi ni alama ya mlango mmoja.

Sehemu ngumu ni jinsi d ilivyokuwa l. Njia inayopendekezwa na wengi ni ya lugha za kati, Kisiria na Kiajemi cha kabla ya Uislamu, ambako irabu ya katikati ilidondoka na d ikasogea. Anayetilia shaka badiliko hilo asiende mbali. Kilatini cha kale kilikuwa na dingua kwa ulimi, kikaja kuwa lingua. Kilikuwa na dacruma kwa chozi, kikaja kuwa lacrima. Na sisi wenyewe tuna ulimi mmoja na ndimi nyingi. Hizi ni sauti zinazotamkwa karibu mahali pamoja, na lugha nyingi huzibadilishana. Hilo halithibitishi kwamba ndivyo ilivyotokea katika almasi, ila linaondoa dai kwamba haiwezekani.

Je, Kiswahili kililichukua kwa Waarabu au kwa Waajemi? Umbo la neno haliwezi kutujibu, kwa kuwa lugha zote mbili zina almās. Tunachoweza kusema ni kwamba lilikuwa neno la pwani zamani kabla ya Mwadui, kamusi za wamisionari za karne ya 19 zinalo, na Almasi lilikuwa jina la watu kabla Mtanganyika yeyote hajaajiriwa kuchimba jiwe hilo. Wanaosema Kiarabu na wanaosema Kiajemi wanabishania kituo cha mwisho cha safari ile ile.

Karati: mbegu, sarafu na sehemu ya 24

Karati ndiyo inayotoa ushahidi ulio wazi zaidi, kwa sababu hapa kuna hesabu. Kigiriki kiliita pembe keras, na kutoka hapo tuna majina ya kisayansi kama keratini, ile protini ya kucha na pembe, na rhinoceros ya Kiingereza, mnyama mwenye pembe puani, yaani kifaru. Pembe ndogo iliitwa keration, na jina hilo likapewa ganda la mti mmoja wa nchi za Mediterania, wa jamii ya mikunde kama ulivyo mkwaju, kwa kuwa ganda lake limejikunja. Mbegu za ganda hilo zilitumika kama mawe ya mizani kwa vitu vidogo, na keration ikawa jina la uzito.

Husemwa sana kwamba mbegu hizo zilichaguliwa kwa kuwa zote zina uzito sawa. Si kweli. Mwaka 2006 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Zürich, walizipima na kukuta zinatofautiana kama mbegu za miti mingine. Kilichozipa sifa ni uwezekano wa mtu kuchagua kwa jicho zinazolingana, na baadaye uamuzi wa dola. Mwanzoni mwa karne ya 4, mfalme Constantine wa Roma alianzisha sarafu ya dhahabu iliyoitwa solidus, na ratili moja ya Kirumi, yenye gramu kama 327, ilitoa sarafu 72. Kila sarafu basi ilikuwa na gramu 4.5 hivi. Uzito mdogo uliotumika kuigawa uliitwa kwa Kilatini siliqua, yaani ganda, na kwa Kigiriki keration, nazo ziliingia 24 katika solidus moja. Gawa 4.5 kwa 24 utapata karibu gramu 0.19.

Hapo ndipo karati zetu mbili zilipozaliwa pamoja. Keration ilikuwa uzito, karibu gramu 0.2, na wakati huo huo ilikuwa sehemu moja kati ya 24 za sarafu ya dhahabu. Mpima vito alishika ule uzito na kusahau sarafu. Mpima dhahabu alishika ile sehemu ya 24 na kusahau uzito: sarafu iliyokuwa na keration 24 za dhahabu ilikuwa safi, iliyokuwa na 18 na zilizobaki ni shaba ilikuwa imechakachuliwa. Mchimbaji wa Maganzo na mnunuzi wa Geita wanatumia vipande viwili vya hesabu moja ya hazina ya Constantine.

Waarabu walilipokea neno mapema, likawa qīrāṭ. Waislamu wa Afrika Mashariki wanalijua kupitia hadithi ya jeneza: anayelisalia hupata qirati moja ya malipo, na anayebaki hadi maziko hupata mbili, kila moja kama mlima wa Uhud. Neno hapo lina maana ya fungu, na halikuhitaji kufafanuliwa asili yake kwa wasikilizaji. Dinari ya dhahabu ilipoanza kupigwa na Khalifa Abd al-Malik mwishoni mwa karne ya 7, ikiwa na gramu 4.25, qirati ikawa sehemu yake. Ibn al-Athir anaeleza kwamba katika nchi nyingi ilikuwa moja ya 20, na kwa watu wa Sham, yaani eneo la Syria, moja ya 24. Misri hadi leo hugawa ekari yao, fedani, katika qirati 24. Kipimo cha dhahabu kimekuwa kipimo cha shamba, lakini ile 24 haikuondoka.

Hispania na Pwani zilipopishana

Weka sasa maneno ya Kihispania na ya Kiswahili sambamba. Kwa jiwe, Mhispania anasema diamante, neno lililopita Kilatini. Mswahili anasema almasi, neno lililopita Uarabuni na Uajemi. Kwa kipimo mambo yanageuka. Mhispania anasema quilate, ambalo ni qīrāṭ ya Waarabu wa Andalusi, r ikiwa imegeuka l. Mswahili anasema karati, ambalo ni carat ya Waingereza, waliochukua kwa Wafaransa, nao kwa Waitalia. Lugha mbili zimekopa jozi ile ile ya maneno ya Kigiriki, kila moja ikipitia mlango ambao mwenzake hakuupitia. Kwa nini?

Hispania iliishi na Kiarabu tangu mwaka 711 hadi 1492, na mtu angetarajia ichukue almās. Lakini almasi za India zilifika Ulaya ya Magharibi kwa kiasi kikubwa kupitia Venisi, na elimu ya vito iliandikwa kwa Kilatini. Kihispania kikatumia neno la majirani zake wa Kikristo. Dhahabu ilikuwa na hadithi nyingine. Katika karne ya 11 falme za Kikristo za kaskazini zililipwa kodi ya amani na watawala Waislamu wa kusini, na kodi hiyo ilikuwa dinari. Karne iliyofuata, Mfalme Alfonso wa Nane wa Kastilia alipiga sarafu zake za dhahabu huko Toledo kwa maandishi ya Kiarabu, kwa sababu hizo ndizo watu walizoziamini. Aliyepokea dinari alipokea na mizani yake. Quilate iliingia Kihispania pamoja na fedha.

Pwani yetu ilikuwa na mizani ya Kiarabu zamani sana. Dhahabu ya Sofala ilipita Kilwa, mji ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, na Wareno walipofika walikuta dhahabu ikipimwa kwa mithqali. Waliandika neno hilo katika hesabu zao, na fedha ya Msumbiji mpaka leo inaitwa metikali. Mithqali hugawanyika katika qirati, kwa hiyo si ajabu kama qirati ilijulikana kwa masonara wa pwani. Hata hivyo karati tunayoitumia haikutoka huko, na irabu zinatuambia. Qīrāṭ ingetupa kirati, yenye i. Karati yenye a ni ya Kiingereza, na wakati wake unajulikana. Dhahabu ya Geita ilitambuliwa na Wajerumani mwaka 1898, lakini mgodi wa kwanza mkubwa ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, chini ya sheria na vitabu vya Waingereza kwa sehemu kubwa ya muda huo. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua mwamba wa Mwadui, na almasi zake zikauzwa London. Mwaka 1907 mkutano wa kimataifa wa vipimo ulikuwa umekwisha kuweka karati ya metriki kuwa miligramu 200 kamili, na kipimo hicho ndicho kilichofika Kishapu.

Fuata jiwe moja tu. Mwaka 1947 Mwadui ilitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, yaani gramu 10.9. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi. Ilichongwa London, ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 kampuni ya Cartier iliipachika katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Jiwe lilitoka Kishapu. Uzito wake, jina lake na bei yake viliandikwa kwingine. Hata miamba yenye almasi, kimbalaiti, imepewa jina la mji wa Kimberley wa Afrika Kusini. Mwaka mmoja kabla ya jiwe hilo, Agosti 1946, Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, alipimwa uzito kwa almasi jijini Dar es Salaam katika jubilei ya uongozi wake, na ukumbi wa Upanga unaokumbusha jubilei hiyo unaitwa Diamond Jubilee, si Almasi. Neno la kale la pwani lilikuwepo na kila mtu alilielewa. Aliyeshika mizani alikuwa anazungumza Kiingereza.

Pingamizi zenye uzito

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni hira. Wafanyabiashara wa Kihindi wamekuwa na nguvu pwani kwa karne nyingi, usonara ulikuwa mikononi mwao, na almasi zenyewe zilichimbwa kwao. Kihindi na Kigujarati huita almasi hira. Kama neno hufuata mshika mizani, mbona hatusemi hira? Ni swali zuri, na linanilazimu kuirekebisha kauli yangu kidogo. Neno hufuata mshika mizani wakati linapohitajika. Almasi lilikwisha kukaa pwani kabla biashara ya Wahindi Zanzibar haijashamiri katika karne ya 19, na Wahindi wenyewe, hasa Waislamu, walilijua almās kupitia Kiajemi. Hapakuwa na pengo la kuzibwa. Mahali palipokuwa na pengo, mchango wao upo: tola, kipimo cha masonara cha gramu 11.66, ni cha India.

Pingamizi la pili ni la wanaosema kwamba yote haya ni mzunguko usio na faida. Neno likishakuwa na umri wa karne kadhaa ndani ya Kiswahili ni la Kiswahili, na kuuliza lilikotoka ni kulinyang'anya. Nakubaliana na nusu ya kwanza. Almasi ina ngeli na methali zake, na hakuna Mgiriki wala Mwarabu anayeweza kutupangia namna ya kuitumia. Lakini kujua njia hakumnyang'anyi mtu neno. Kunaeleza mambo ambayo vinginevyo yanaonekana kuwa vurugu tupu, kwa mfano kwa nini karati ina maana mbili, au kwa nini wakia inayotajwa kwenye bei ya dhahabu ya dunia, gramu 31.1, na ounce ya Kiingereza na onza ya Kihispania vina sura moja. Wakia, ratili na dirhamu zote zilipita Kigiriki kabla ya kufika kwa Waarabu na kwetu.

Pingamizi la tatu ni la wale wanaotaka jibu moja tu: chanzo cha kwanza ndicho asili, basi tuandike Kigiriki tumalize. Hili nalikataa kabisa. Tukiandika Kigiriki peke yake tutashindwa kueleza s ya almasi na nt ya diamante, wala a ya karati na i ya quilate. Tukiandika Kiarabu peke yake kwa almasi, kama ilivyo desturi, tutawaficha wasomaji undugu wake na diamond, wanayoisikia kila siku katika jina la mwanamuziki Diamond Platnumz. Asili ya neno la biashara ni orodha ya vituo, na kila kituo kimeacha alama.

Sokoni na kamusini

Historia ikishaeleweka, swali la vitendo linabaki: tufanye nini na karati yenye maana mbili? Wamarekani wametenganisha kwa tahajia, c kwa uzito wa vito na k kwa usafi wa dhahabu. Njia hiyo kwetu haipo, kwa sababu Kiswahili hakina c peke yake, na sokoni watu husikia zaidi ya wanavyosoma. Kuiacha karati ibaki kwa yote mawili kuna faida moja kubwa: mikufu na pete duniani kote hugongwa muhuri wa 18 au 22, na mnunuzi lazima ajue maana yake. Hasara yake inampata mtu wa mwisho, yule mchimbaji mdogo anayeuza bila kujua mnunuzi anasema karati ipi.

Njia bora tayari imeanza kutembea. Masoko ya madini yaliyofunguliwa nchini tangu mwaka 2019, la Geita likiwa la kwanza, hupima dhahabu kwa gramu na kueleza usafi kwa asilimia. Karati 24 ni asilimia 100, 22 ni 91.7, 21 ni 87.5, 18 ni 75 na 9 ni 37.5. Ningependa desturi hiyo ikamilike: karati peke yake iachiwe vito, na kwa dhahabu isitajwe bila kuambatanishwa na usafi, karati 18 za usafi, popote muhuri wa sonara unapoilazimu. Wanaohofia kwamba hilo litawatenga wateja wa kigeni wakumbuke kwamba viwanda vya kusafishia dhahabu navyo hutumia sehemu katika elfu, 750 badala ya 18.

Kamusi nazo zifanye sehemu yao. Chini ya karati ziweke maana mbili zenye namba, uzito wa gramu 0.2 kwanza, sehemu moja ya 24 ya usafi pili, na njia yake: kutoka Kiingereza, Kifaransa, Kiitalia, Kiarabu, Kigiriki, ndugu yake wa Kihispania quilate. Chini ya almasi waandike Kiarabu na Kiajemi, kisha Kigiriki adamas, na ndugu zake diamante, imán, diamond na adamant. Mistari mitatu inatosha. Na risiti ya dhahabu isome gramu 5, usafi asilimia 75, ili muuzaji apige hesabu mwenyewe pale pale kaunta: gramu 3.75 za dhahabu tupu, mara bei ya siku.